Kamba ya nanga ya boti ya faiba futi 23, ninunue unene gani na ya aina gani?

Mshipi_Mikindani

Wakuu habari za jioni, wazee wa bahari shikamoni. Naomba msaada wa kamba ya nanga. Nina boti ya faiba futi 23, injini ya nguvu farasi 15, tunatoka watu wanne usiku na mshipi, tunakaa nje ya Msanga Mkuu kwenye ukingo wa mwamba, kina kama mita 15 hivi maji yakiwa yametoka, samaki changu na tasi wapo ila ukipitiliza kidogo tu chini panaporomoka hupati tena mwisho. Kamba niliyokuwa natumia ni ile ya plastiki ya bluu milimita 10, juzi usiku upepo wa kusi umechachamaa ikakatika, nanga ikabaki chini, injini ikawaka kwa mbinde tukarudi salama alhamdulillah.

Leo nimekishika kile kipande kilichobaki nikakipitisha kiganjani, kinatoa unga mweupe na vinywele vinang'ang'ania kwenye ngozi, alafu pale ilipokatika siyo chini kwenye mwamba ni hapa juu inapopita ukingoni mwa boti, kama mkono mmoja hivi nyuzi zote zimechanua.

Sasa muuza duka mmoja ananambia chukua plastiki hiyohiyo ya 16 hutakaa uhangaike tena, mwingine anasema nailoni ya 12 inatosha, shemeji yangu yeye anataka hata 20 maana hiyo kamba ndo imeshika roho za watu. Bei zinapishana mbali mno. Swali langu unene gani unatosha na nguvu yake inahesabiwaje, na hii nailoni na plastiki zinatofautiana nini hasa. Naomba kuwasilisha.

fundi_faiba_mtw

Pole sana mkuu na hongera kwa kurudi na watu wako wote.

Nianze na hesabu. Kanuni wanayotumia watu wa maboti madogo ni kila futi 9 za urefu wa chombo unaweka kama milimita 3 za unene wa kamba, ya kwako futi 23 inakupa karibu milimita 8, unapanda juu kidogo unafika 10. Hiyo ni kwa nailoni sio plastiki. Mimi nakwambia weka nailoni ya 12 ya nyuzi tatu zilizosokotwa, na sababu ya kwanza wala sio kukatika, ni mikono. Kamba ya 8 ikishalowa na mkondo unavuta inakukata vidole, ya 12 inajaa kiganjani unaivuta vizuri usiku kucha. Ukienda 16 au 20 unalipa pesa nyingi na boti inajaa kamba mpaka pa kuweka miguu hamna.

Nguvu yake sasa. Nailoni nzuri ya 12 ikiwa mpya inakatika kwenye tani 2 na nusu mpaka 3, plastiki ya 12 kama tani 2, ile yako ya 10 ilipokuwa mpya ilikuwa kama tani moja na nusu hivi. Na boti ya futi 20 na kidogo kwenye upepo wa noti 30, yaani kama kilomita 55 kwa saa, inavuta nanga kwa mzigo wa kama kilo 160 mpaka 200, kwahiyo ukiangalia juujuu utasema hata kamba ya 6 inatosha. Haitoshi. Wimbi likiinua omo, yaani mbele ya boti, ule mshtuko mmoja unazidi mzigo wa kawaida mara kadhaa, fundo lolote unalofunga linakula theluthi mpaka nusu ya nguvu ya kamba, nailoni ikilowa inapungua tena asilimia 10 mpaka 15, weka jua weka kusuguana. Ndo maana watu wanasema mzigo wa kazi usizidi sehemu ya tano ya uwezo wa kamba na kwenye roho za watu bora sehemu ya kumi. Kwa 12 ya nailoni sehemu ya kumi ni kilo 250 mpaka 300. Umeona inaangukia palepale.

Tofauti ya nailoni na plastiki ni tatu. Nailoni inavutika, inaweza kurefuka zaidi ya robo ya urefu wake kabla haijakatika, ule mshtuko wa wimbi inaumeza yenyewe, plastiki inaupeleka moja kwa moja kwenye omo na kwenye nanga. Pili nailoni inazama, plastiki inaelea, kamba inayoelea maji yakigeuka inakuja kukaa juu karibu na propela na boti za wenzio zinaipitia. Tatu jua. Ule unga mweupe ulioushika ni plastiki imeungua na jua, kamba ikifika hapo usiihesabie nguvu yoyote hata kama kwa macho bado nene.

NahodhaSudi

Marahaba mwanangu.

Fundi kasema kweli na hesabu zake ni nzuri ila naona wote mmekaa kwenye unene. Hujatuambia kamba yako ilikuwa na urefu gani. Na hujataja mnyororo kabisa. Mimi nimekua kwenye vyombo toka Sudi mpaka Kilwa na nitakwambia chombo kinachoburura nanga usiku mara nyingi kamba yake ni nzima kabisa, ila ni fupi.

Kina chako mita 15 maji yametoka. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari yetu inapanda mita 3 mpaka 4, kwahiyo maji yakijaa una 18 au 19, ongeza na urefu wa omo kutoka majini, sema 19 na nusu. Sasa kamba inatakiwa iwe mara 5 ya hapo ukiwa na mnyororo na bahari imetulia, yaani karibu mita 100, na upepo ukizidi unaachia mpaka mara 7, mita 135 na kitu. Vijana wengi wanatoka na mita 30 au 40 kwenye kina hicho, kamba inasimama wima, kila wimbi likipita linainyanyua nanga kwa juu. Nanga inashika ikivutwa kwa ulalo, ikivutwa kwa juu inang'oka hata iwe nzito namna gani. Na ikishang'oka pale kwenye ukingo uliposema panaporomoka basi hairudi kushika tena, inaning'inia majini na ninyi mnakwenda.

Na mnakwenda wapi? Mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima na msimu wa kusi ndio unakimbia zaidi, injini ikigoma hapo nje ya Msanga Mkuu asubuhi inakukuta mbali sana na Mtwara. Kwahiyo mwanangu urefu kwanza. Ukiwa na pesa ya kamba nene fupi au nyembamba kiasi ndefu, chukua ndefu.

Kisha mnyororo. Kati ya kamba na nanga weka mnyororo usiopungua urefu wa boti, kwako mita 7, unene milimita 8. Huo una uzito wa kama kilo 10, unalala chini, unailaza nanga, na ule ndio unaosugua mwamba badala ya kamba. Nailoni kwenye matumbawe ni usiku mmoja tu imekwisha, hata uinunue ya 20.

mchinga_dagaa

Wazee heshima kwenu. Mimi naona mnamtwisha mwenzetu mzigo, mita 135 za nailoni na mnyororo mita 7 na nanga mpya, hapo ni pesa ya injini nusu. Huku Mchinga karibu wote tunatumia plastiki na tunakula samaki kila siku, ikichakaa unanunua nyingine bei yake ndogo. Kuna wazee wangu wa ngalawa mpaka kesho wanatumia katani, Lindi kwetu katani imelimwa toka enzi za Wajerumani na kamba yake inashika mkononi kuliko zote haitelezi hata ikilowa. Sisemi nailoni mbaya, nasema mtu aangalie na mfuko wake, mtu akisubiri hela ya nailoni mwezi mzima watoto wanakula nini.

fundi_faiba_mtw

Mchinga kaka hoja yako ya mfuko naiheshimu na plastiki siikatazi. Ila tofautisha kazi. Nyie wa dagaa mnakaa bahari imetulia karibu na pwani, yeye anakaa kwenye ukingo wa mwamba msimu wa kusi. Kama pesa haitoshi achukue plastiki ya 14 sio ya 10, aihesabie maisha ya msimu tu, akiiacha juani afunike na turubai maana jua ndo linaiua kuliko maji, na aweke mnyororo hata mrefu kidogo zaidi ili kamba isielee huku chini. Hapo anakuwa salama kiasi.

Katani ndo siwezi kumshauri. Ya milimita 12 ikiwa mpya haifiki tani moja, alafu inaoza kwa ndani, juu unaona kahawia safi ukiifungua nyuzi katikati ni nyeusi zinavunjika. Wazee wa ngalawa wanaijua wanaianika kila siku na ngalawa ni nyepesi. Boti ya faiba na injini na watu wanne ni uzito mwingine.

bahari_msimbati

Habari za usiku wote. Kaka wa Mikindani pole. Mi niko Msimbati, nachokoa pweza na wakati mwingine nazamia na vijana wa hapa, kwahiyo nanga zenu naziona kutokea chini. Naomba niseme kitu.

Msitupe nanga juu ya tumbawe. Kwanza unavunja nyumba ya huyo changu unayemtafuta, tumbawe lililovunjwa na nanga linachukua miaka mingi kurudi na mengine hayarudi, na huku kwetu ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, imetangazwa toka mwaka 2000, kwahiyo kuna na sheria. Pili ni kwa faida yako mwenyewe, nanga ikiingia chini ya jiwe huitoi, nimeziona nanga za nondo chini zimenasa na vipande vya kamba bado vinaelea juu yake na nyavu zimejizungusha hapo. Pembeni ya mwamba huwa kuna vipara vya mchanga, ukienda mchana maji maangavu unaviona vyeupe kabisa, weka alama yako na GPS ya simu, usiku shusha nanga pale alafu achia kamba mpaka boti iende kukaa juu ya ukingo unapotaka. Samaki unawapata walewale.

Na kama lazima iwe karibu na mawe kuna namna ya kufunga. Mnyororo usiufunge kwenye tundu la juu la nanga, uufunge kule chini kwenye kitako cha kucha, kisha uupitishe kando ya mti wa nanga na pale kwenye tundu la juu uufunge kwa uzi mwembamba, mshipi au kamba ndogo ya nyavu inatosha. Siku ya kawaida inavuta kama nanga nyingine yoyote. Ikinasa unasogea na boti mbele yake unavuta kwa nguvu, ule uzi unakatika, nanga inavutwa kinyumenyume kutokea kitakoni inatoka. Ila uzi usiwe mwembamba mno kusi likakukatia katikati ya usingizi, jaribuni mchana kwanza.

Mshipi_Mikindani

Asanteni sana wakuu, mzee wa Sudi nashukuru mno, kamba yangu ilikuwa mita 45 na mnyororo haukuwepo, ilikuwa kamba moja kwa moja kwenye nanga ya nondo kucha nne, niliikuta hivyo nilipoinunua boti.

Nina maswali mawili. La kwanza mnyororo kilo 10 na nanga yenyewe, kuvuta kwa mkono kutoka mita 19 si ni kazi? La pili nitajuaje dukani kama hii ni nailoni kweli na ni 12 kweli, maana zote wanaziita manila wanaziita nailoni, muuzaji mwenyewe hajui.

fundi_faiba_mtw

La pili ni rahisi. Omba kipande kidogo, kichome ncha zisifumuke, tia kwenye ndoo ya maji ukibonyeze mpaka mapovu yatoke. Kikielea ni plastiki, hata aite jina gani. Kikizama ni nailoni au poliesta, na poliesta nayo ni kamba nzuri tu ila haivutiki sana, ukiivuta kipande cha mita moja kwa uzito wako unaona yenyewe imekaza, nailoni inanesa.

Unene usiamini karatasi. Izungushe kamba kwenye kipande cha bomba mizunguko 10 ikiwa imebanana bila kupandana, pima upana kwa tepu. Ikiwa 12 kweli unapata sentimita 12, nyingi zinazouzwa kama 12 ukizipima hivi unakuta sentimita 10 na nusu. Alafu ifungue kidogo katikati uangalie ndani, kuna zinazojazwa nyuzi laini za ovyo kwa ndani nje ndo nailoni.

Kuhusu kuunganisha na mnyororo usipige fundo kama unaweza. Fumua zile nyuzi tatu, tengeneza kitanzi, uzisuke kurudi ndani ya kamba, kila uzi upite angalau mara 5, kwa nailoni mara 6 au 7 maana inateleza. Kitanzi cha kusuka kinabakisha karibu asilimia 90 ya nguvu, fundo nimeshakwambia linakula kiasi gani. Ndani ya kitanzi weka kile kichuma chenye umbo la tone ili kamba isijikunje kwenye chuma, alafu shakeli, ile pingu ya chuma yenye pini, na pini uifunge na waya isijifungue yenyewe. Watu wengi wanapoteza nanga na kamba ikiwa nzima kwasababu ya hiyo pini.

NahodhaSudi

Kuvuta sio kwa mikono peke yake mwanangu. Mmoja anawasha injini anaisogeza boti polepole mpaka juu ya nanga, mwingine anakusanya kamba iliyolegea. Mkifika juu yake mnapiga mzunguko kwenye kiguzo cha omo, mnangoja wimbi linyanyue omo, wimbi lenyewe ndilo linalong'oa. Mkiwa juu ya nanga uzito mnaoinua ni mnyororo na nanga tu, sio boti. Watu wanne hamshindwi.

Sasa nisikilize hili kwa makini kuliko yote ya kamba. Nanga ifungwe omo. Usikubali mtu akwambie tufunge tezi ili tuvue vizuri huku nyuma injini ilipo. Boti za faiba kwa nyuma ni fupi na zina uzito wa injini na mafuta, nanga ikikaza na wimbi likaja tezi linaingia lote ndani, la pili likija hamna chombo tena. Watu wamepotea hivyo kwenye hali ya hewa ambayo wala haikuwa mbaya.

Na pale ilipokatikia yako, ukingoni, kata bomba la mpira la mita moja, lipasue kwa urefu, livishe kwenye kamba sehemu inayopita omo na ulifunge lisikimbie. Kila baada ya saa kadhaa achia kamba kidogo ili isisuguane sehemu moja usiku mzima. Mwisho wa kamba ndani ya boti uufunge, nimeona kamba yote ikitoka ikaenda na maji, lakini uufunge mahali ambapo kisu kinafika, na kisu kikae palepale kila siku.

Upepo ukitabiriwa mkubwa hayo yote hayana maana. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari vuteni chombo juu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja vyombo vilivyokuwa vimevutwa mbali na maji vilikuwa na nafasi, nanga haikuwekwa kwa ajili ya kimbunga.

mchinga_dagaa

Mzee hapo kwenye tezi nakuunga mkono asilimia mia. Na fundi ile ya mizunguko 10 nimeenda kuijaribu leo mchana kwenye rola jipya la jirani yangu, imeandikwa 14 na nimepata sentimita 12. Jirani kairudisha dukani.

Mshipi_Mikindani

Nimeelewa wakuu. Nachukua nailoni 12 mita 140 nikishaipima kwa ndoo na bomba, mnyororo wa 8 mita 7, nanga nataka kumpa fundi wa kuchomelea anitengenezee ya nondo kucha nne na nyingine ya mabapa mapana kwa ajili ya mchanga, maana dada wa Msimbati kanifungua macho na vile vipara naenda kuviwekea alama Jumamosi maji yakitoka. Wenzangu watatu tumekubaliana tunachanga tunakatana kwenye samaki taratibu. Hiyo ya 16 ya plastiki nimeachana nayo.

Kwa kufunga omo nina ile bolti ya U iliyokuja na boti, inatosha?

fundi_faiba_mtw

Ingia chini ya omo na tochi uangalie nyuma yake. Kama unaona nati mbili zimekaa moja kwa moja kwenye faiba basi haitoshi, mshtuko utaing'oa siku moja na itatoka na kipande cha boti. Weka bamba la chuma kisichoshika kutu au ubao mgumu wa inchi moja upande wa ndani, washa kubwa za kukaa chini ya nati, na silikoni maji yasipenye. Kama faiba pembeni mwa bolti ina nyufa nyeupe nyeupe kama nyuzi usiweke chochote kwanza, ilete juu tuongeze matabaka matatu manne ya mati ya faiba na resini ndo tuifunge upya. Kazi ya siku mbili na kukauka. Piga picha utume hapa kabla hujanunua hiyo kamba.